Nta Iliyofutwa kwa Thina

Hadi leo nikiona chupa ya thina nakunja uso. Thina ni ya fundi rangi. Haina kazi nyingine kwenye gari la mtu, na haina kazi yoyote kwenye bampa ambalo mwenyewe amelipaka nta kwa mkono wake. Nimelisema hili barazani, nimelisema nje ya msikiti baada ya swala, mpaka wenzangu wamenichoka. Nalisema tena hapa, kisha nitaeleza nilivyokosa, maana na mimi nilikosa.

Gari langu ni stesheni wagon ya zamani. Nililinunua nikiwa karani kwenye shamba la mkonge, enzi ambazo gari dogo lilikuja na mabampa ya chuma yaliyochovywa nikeli, na ukanda wa alumini kuzunguka madirisha. Siku hizi bampa ni plastiki. Ukiligonga linapasuka, unanunua jingine, na hakuna anayeona ajabu.

Hapa kwetu Kwamndolwa sufuria yenye masizi ni aibu ya nyumba. Mke wangu huzisugua zake kwa majivu na mchanga mpaka zinamulika pale kichanjani. Nikajiuliza, kama sufuria inang'aa hivi, bampa litashindwaje? Basi kila Ijumaa asubuhi nikawa nachota majivu jikoni kwake na kulisugua. Yeye alinicheka tu.

"Ukimaliza hilo, njoo uoshe na vyombo."

Kweli liling'aa, kwa miaka mingi. Ila nikeli ni ngozi nyembamba tu juu ya chuma, na mimi nilikuwa naikwangua kidogo kidogo huku najisifu. Mwisho pembe za bampa zikaanza kutoa kutu, madoa madoa kama upele. Mvua haikuhusika, wala barabara. Mkono wangu ndio uliofanya hayo, na nilikuwa mtu wa kidato cha nne, ningeweza kuuliza.

Halafu mjukuu wangu wa kike akachumbiwa na kijana wa Handeni. Kwa utani wetu yeye ni mke wangu, na bibi yake humwita mke mwenza. Posa ilipokwisha kupokelewa alinifuata uani.

"Mume wangu, nasikia umeniuza Handeni."

"Nimekuuza kwa hasara. Unakula sana."

"Basi unipeleke mwenyewe. Sitaki gari la kukodi. Nataka nitoke hapa kwenye gari hili hili, wewe ukiendesha." Akainama akalitazama bampa. "Lakini hili lina ukurutu. Nitapandaje na gauni jeupe?"

"Litapona."

"Uniahidi."

Nikamwahidi.

Kila niliyemwambia alikuwa na ushauri, na kila ushauri ulinikera. Fundi mmoja wa pale mjini Korogwe alinyanyua kopo la spreya. "Mzee, tunapiga silva, nusu saa unaondoka." Silva ya kopo ni uongo. Inapigwa leo, mvua mbili tatu inabanduka, na huko chini kutu imeendelea kula kimya kimya. Mwingine akasema ning'oe mabampa yote mawili niuze chuma chakavu. Kijana wa kuosha magari akaniletea dawa ya kusafishia choo, eti inang'arisha alumini. Nilimwuliza kama uso wake naye huuosha kwa hiyo dawa.

Nikaamua kufanya mwenyewe, safari hii kwa kuuliza. Niliambiwa kutu ya juu ya nikeli hutoka kwa karatasi ya foili iliyokunjwakunjwa na kuchovywa maji, nikawa nakusanya vipande kwa muuza chipsi wa stendi. Jirani akaniona na mfuko wangu.

"Mzee, kumbe siku hizi ni chipsi kuku kila siku? Bibi amegoma kupika?"

"Nasafishia gari."

"Gari nalo linakula chipsi!"

Nilimwacha acheke. Nilisugua taratibu kwa foili, nikaosha, nikakausha. Ukanda wa madirisha niliupitia kwa msasa laini sana uliolowa maji, nikifuata urefu wake bila kuzungusha mkono, kisha nikaung'arisha kwa dawa ya kopo na kipande cha fulana kuukuu. Pale nikeli ilipokwisha haikurudi. Kilibaki chuma kijivu, kikavu, bila kutu, nami nikakubali kwamba hiyo ndiyo faida yangu ya majivu.

Mwisho nikapaka nta. Watu wa Handeni walipoleta posa walileta na asali na bonge la nta ya nyuki. Niliiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, nikaitoa mbali na jiko ndipo nikaongeza mafuta ya taa kidogo, nikapaka kiasi chembamba, nikaacha ikauke, nikafuta kwa kitambaa kikavu. Maji ukiyamwagia yalikuwa yanakimbia yenyewe. Bila nta hiyo, chuma kile kitupu kingeshika kutu tena mvua ya kwanza.

Asubuhi ya harusi nilienda kuoga. Niliporudi nimevaa kanzu, nikamkuta mama mmoja mnene, mchangamfu, amepiga magoti mbele ya gari. Pembeni yake alikuwa na riboni, maua ya plastiki na selotepu. Mkononi alikuwa na kitambaa cheusi tititi, na harufu ilinifikia kabla sijafika.

"Shikamoo baba. Selotepu ilikuwa inateleza, sijui mmepaka mafuta gani hapa. Nimeyatoa kwa thina, sasa inashika vizuri."

Alikuwa amemaliza bampa lote la mbele na ameanza kwenye madirisha.

Hapo mtu mwenye busara angevuta pumzi. Mimi nilinyakua kile kitambaa, nikang'oa riboni zilizokwisha kubandikwa, nikazitupa chini mbele ya wageni.

"Nani kakutuma? Kwenu hamna hata mkokoteni, ndiyo maana hujui gari!"

Alisimama, akapangusa magoti.

"Baki na bati lako, mzee. Sisi tumekuja kuchukua mtu."

Ndipo mke wangu aliponivuta mkono na kuniambia huyo ni nani. Alikuwa shangazi wa bwana harusi, ametoka Handeni alfajiri na mapambo aliyoyanunua mwenyewe, kulipendezesha gari langu.

Ningemwendea pale pale, mambo yangeisha. Lakini nilikuwa naona chuma kitupu tu. Nikaleta kopo la nta, nikakunja kanzu, nikapiga magoti pale pale alipokuwa yeye. Wakwe walikuja na gari jeupe la kukodi, nao wakaanza kunong'ona kwamba bibi harusi apande lile.

Mjukuu wangu alitoka ndani amejifunika, akasimama juu yangu.

"Mume wangu, unanipeleka au hunipeleki?"

"Subiri nimalize kupaka hapa. Dakika tu."

"Wanasema tunachelewa."

"Waambie wasubiri! Wao ndio wameharibu!"

Sikuinua uso. Kisha nikasikia vigelegele, milango ikifungwa, honi zikishuka kuelekea barabarani. Bibi yake alipanda naye. Nami bado nilikuwa napaka.

Nilifika Handeni peke yangu, wakati watu wanakula. Yule shangazi ndiye aliyeniletea sahani.

"Karibu, baba mkwe. Nta imekauka?"

Wanawake waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Nilistahili. Nikamwambia, "Mama, nisamehe kwa lile neno la mkokoteni."

"La mkokoteni nimesamehe. Na la thina?"

"La thina wewe ndiye uniombe mimi."

Akacheka mpaka akashika mlango. Lakini hakuomba, na sijamsamehe hilo.

Bibi harusi alikuwa ameshaingizwa ndani na wanawake, na mwanamume haendi huko. Nilikula nje pamoja na wageni wa mbali ambao hawakujua mimi ni nani. Kiti cha nyuma cha gari nilikuwa nimekitandika khanga mpya usiku uliotangulia. Nilirudi nayo Kwamndolwa jioni ile, haina hata mkunjo.