Siku Nekesa alipoona bafe ndani ya chupa, na mimi mwalimu nikaulizwa kama nilijua

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Hii ninayoandika niliiona kwa macho yangu, na kuna sehemu inaniaibisha. Sitaificha.

Miaka ya 2000 hivi nilikuwa nafundisha sayansi kwa shule moja ya msingi huko Kabuchai, Bungoma. Class six nilikuwa na msichana anaitwa Nekesa. Mpole, mwandiko safi.

Msimu wa palizi, baba yake aliumwa na nyoka aina ya bafe akifyeka nyasi kando ya miwa. Walimpeleka kwanza kwa mganga. Hospitali ikaamuliwa kesho yake mchana, na akafia njiani.

(Mnisamehe nikatize kidogo. Mtu akiumwa na nyoka, hospitali moja kwa moja. Usikate kidonda, usifunge kamba, usingoje.)

Sasa, wiki moja kabla ya hapo, marehemu alikuwa amekosana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba. Jirani mwenyewe ni mama mzee, mjane, tulikuwa tunamwita Kukhu Nasimiyu. Kukhu kwetu ni nyanya, yaani bibi.

Kabla hata matanga kuisha, maneno yakaanza. Ati Kukhu ndiye alituma huyo nyoka.

Hakuna mtu alimpiga. Watu waliacha tu kumsalimia. Watoto wakakatazwa kunywa maji kwake. Kanisani akawa anakaa benchi yake peke yake.

Miezi miwili hivi, akafunga nyumba akaenda kuishi na binti yake huko Kachibora.

Na mimi, mwalimu wa sayansi, nilikuwa wapi? Nilikuwa hapo hapo. Nilikuwa nanunua maziwa kwake kila asubuhi, nikaacha. Sikuamini hayo maneno, lakini sikutaka kuonekana niko upande wake.

Term ya tatu tukapeleka class six trip, makumbusho ya Kitale.

Watoto wengi hawakuwa wameona mnyama wa porini karibu hivyo. Kulikuwa na mbega, ndege wa kila aina, wote wamekaushwa na kujazwa, wana macho ya kioo. Kwa bundi wakarudi nyuma, mpaka dada aliyekuwa anatuzungusha akawaonyesha makucha na kuwaambia huyu kazi yake ni kula panya wa shambani. Wakasogea tena.

Halafu tukafika kwa nyoka.

Bafe alikuwa amejikunja ndani ya chupa kubwa yenye dawa ya kumhifadhi asioze. Mnene, mfupi, rangi ya majani makavu. Nekesa akasimama mbele yake, hakusonga tena.

Yule dada akaeleza kwamba bafe hafukuzi mtu. Analala kwa nyasi akingoja panya, na kwa sababu ya rangi yake humuoni. Ukimkanyaga au ukimgusa, anauma.

Nekesa akauliza, "Na nani anamtuma?"

Dada alifikiri ni mzaha. Akanitazama, akaona uso wangu, akajua si mzaha. Akainama kidogo.

"Nyoka hatumwi, mami. Anajua njaa na anajua kuogopa. Basi."

Mtoto akaweka kiganja kwa hiyo chupa. Wakuu, nyoka aliye hai hakupi nafasi ya kumtazama. Unakimbia au unampiga. Huyu wa chupa, Nekesa alimtazama mpaka akamaliza, kichwa, meno, magamba.

Kisha akasema polepole, "Basi si Kukhu."

Darasa lote lilisikia. Akanigeukia.

"Mwalimu, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia nilijua.

Alienda akasimama na wenzake. Siku hiyo hakuongea na mimi tena, na sikumlaumu.

Jumatatu mama yake akaja shule. Nilidhani amekuja kunishtaki kwa headmaster. Kumbe mtoto alikuwa amemweleza yote, na alitaka niwasindikize Kachibora.

Jumamosi tukaenda. Tulimkuta Kukhu kwa uwanja, anapukuchua mahindi. Alituonyesha viti, hakusimama.

Mama Nekesa alianza kuongea, akalia, akashindwa. Ni Nekesa alisimulia, vile bafe analala, vile hafukuzi mtu. Kisha akasema, "Kukhu, tulikukosea."

Mimi pia nikasema langu, kwamba nilijua na nikanyamaza.

Mama mzee akaweka gunzi chini. Akasema, "Mimi nilijua sikumtuma. Nilitaka tu mmoja wenu aje aniulize."

Akatusamehe, akatupikia chai. Lakini kurudi Kabuchai alikataa. Alisema hapo kwa binti yake amezoea kusalimiwa. Aliaga dunia kama miaka miwili baadaye, tukamleta tukamzika kwake, na wengi waliokuja kulia ni wale waliomhama benchi kanisani.

Nilichojifunza ni hiki. Mtoto akionyeshwa kitu chenyewe, akapewa nafasi ya kuuliza, hofu nyingi zinamtoka. Wapelekeni watoto makumbusho, bana. Lakini mnyama ndani ya chupa alifanya kazi ambayo ilikuwa yangu, na alichelewa kwa sababu mimi nilichelewa.

Kama kwenu kuna mtu alisingiziwa hivyo na wewe ulijua ukweli, tuambie hapa ulifanya nini. Hata kama hukufanya kitu, andika tu.