Maharage ya Kalisti

Ipo siku moja ya ujana wangu isiyonitoka kichwani, mwanangu. Nakusimulia nikiwa nimekaa, maana miguu imechoka na kichwa pia. Jana ulikuja hapa kwangu Remera umenuna, ukanionyesha kwenye simu makala zako zimetajwa na watu wangapi. Ukasema umegombana na mkuu wako, kwamba yeye anataka mbegu wapewe wakulima na wewe hutaki mpaka jarida lichapishe makala yako. Nilikuwa nawaza Rebero.

Miaka ile ya vita, kabla ya tisini na nne, tulikuwa na shamba la majaribio juu ya kilima cha Rebero, hapa hapa Kigali. Mkuu wangu alikuwa Daktari Kalisti, mtu mpole, lakini mbishi balaa. Tulikuwa tumepata maharage yanayotambaa juu ya vijiti, yasiyooza mizizi, wakati ya majirani yalikuwa yanageuka manjano na kufa. Makala ilikuwa tayari, jina langu mbele, lake nyuma. Wee! Mimi, binti wa muuza vitenge wa Nyamirambo, nisomwe Ulaya! Jarida likatujibu tuongeze msimu mmoja wa majaribio.

Siku hiyo Mama Domitila, jirani wa shamba letu, akaja na kikapu.

"Daktari, kwangu iko kuoza yote. Unipe hata kiganja kimoja."

Daktari akamjazia kikapu. Nikamvuta pembeni. "Muzehe, mbegu ikitoka tu, mwingine ataiandika kabla yetu. Tutakuwa tumefanya kazi bure!"

Tuliporudi ofisini akanisimamisha mbele ya ukuta wake. Enzi zile hakukuwa na simu ya kukuhesabia. Mtu akitaka kusoma makala yako alikutumia kadi kwa posta kuomba nakala, na Daktari alizibandika zote, zenye stempu za nchi ambazo sikuzijua. Sisi vijana tulizionea wivu kadi zile.

"Espe, nitafutie iliyotoka Rebero."

"Hakuna, Muzehe."

"Hawa wote wanataka kunisoma, na mimi napenda, nisikudanganye. Ila yule mama anataka kula. Na msimu wa kupanda ni sasa."

Yakatokea yale yale niliyoyaogopa. Mtafiti mmoja mgeni aliyapata maharage yetu sokoni, akayaandika, na jarida likatuambia makala yetu si mpya tena. Nililia, mwanangu. Nikamnunia Daktari miezi, salamu zangu zikawa za mdomoni tu. Naye kila asubuhi aliniuliza kama nimekunywa chai.

Kisha ikaja tisini na nne. Hiyo siisimulii, unaijua. Daktari Kalisti aliuawa, yeye na watu wote wa nyumbani kwake. Sikuwahi kumwambia kwamba yameisha. Niliporudi ofisini, milango haikuwepo, ghala la mbegu lilikuwa tupu, na kadi zilikuwa zimekanyagwa sakafuni, nyingine zimewashiwa moto.

Mwisho wa mwaka nikapanda kilima cha Rebero kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Mama Domitila alikuwa hai, peke yake, na maharage yamekauka juu ya vijiti. Alinikumbatia. Halafu akanimiminia mbegu ndani ya kitenge changu.

"Chukua Kalisti, ukapande."

"Nichukue nini, Mama?"

"Maharage haya. Huku sisi wote tunayaita Kalisti."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo, nikalia tena.

Mbegu zote nilizofanyia kazi baadaye zilitoka katika kitenge kile. Makala zangu nyingi hakuna aliyezitaja, na uchovu huo naujua, usidhani nakucheka. Andika, mwanangu. Tuma. Dai jina lako, usimwachie mtu. Lakini mbegu wape wakulima wiki hii, kabla mvua haijaanza. Na huyo mkuu wako, mpitie leo, umsalimie kwa moyo, ukae unywe naye chai.

Nenda sasa, nataka kulala kidogo. Mungu akulinde njiani, akupe msimu mwema, na siku moja akupe mwanamke mmoja tu huko mlimani wa kulitaja jina lako akiwa anapanda mbegu.