Mfereji Ukikuletea, Chako

Siku hizi ukipita bondeni kwetu, huku Muleba, utaona mstari wa majani marefu unaoteremka kuelekea ziwani. Wageni wanadhani ni mpaka wa mashamba. Ni mfereji ule. Maji ya bomba yalipofika, watu wakaacha kushuka. Walipoacha kushuka, hakuna aliyezibua. Sasa umeziba, hata vyura wamehama. Mimi nikipita pale na pikipiki napunguza mwendo, abiria ananiuliza kama mafuta yamekwisha.

Ulichimbwa na wazee wa wazee wetu, kwa jembe la mkono, ili bonde likauke wapate pa kulima. Sisi Wakatoliki tulikaa juu, Walutheri wakakaa chini karibu na ziwa, kwa hiyo maji yalipita kwetu kwanza. Tulikuwa tunawapigia kelele, "Nyie mnabatizwa kwa maji tuliyooshea sufuria!" Nao wanajibu, "Basi osheni vizuri, jana tumepata mpaka mboga!"

Na kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mfereji ukikuletea kitu, ni chako. Kandambili, malenge, ndoo, usiende kudai. Kuna bata wetu alishuka na maji wakati wa mvua, baada ya siku chache tukaletewa habari kwamba alikuwa mtamu.

Mwaka niliomaliza darasa la saba, shangazi yangu alikuwa anaolewa. Ndiye mtoto wa mwisho wa babu. Alishachumbiwa mara moja kabla ya hapo, wale wa kwanza wakaja, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaisha jua likiwa bado juu, wakasema nyumba isiyo na pombe haina heshima. Wakaenda moja kwa moja, hawakurudi. Kwa hiyo safari hii shangazi hakuulizia gauni wala viatu. Kila asubuhi, kutoka chumba alichofungiwa kama mugole, yaani bibi harusi, akinyweshwa maziwa na kupakwa mafuta ang'ae, alikuwa anaita, "Jamani, ndizi zimeiva?"

Ndizi za pombe zikaiva shimoni. Wakwe wanakuja Jumamosi, sisi tuko Jumatano. Kilichokosekana ni kitu cha kukanyagia, yaani obwato, lile gogo kubwa lililochongwa likawa na tumbo, ambalo wanaume wanaingia kukanyaga ndizi mpaka zitoe juisi. La kwetu lilikuwa limeazimwa na jirani wa ng'ambo ya mfereji. Na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imelibeba daraja.

Wanaume wakasimama ukingoni, wanashika viuno. Gogo linawataka watu sita, tope linafika magotini. Baba mkubwa akasema tusubiri maji yapungue.

"Ndizi nazo utaziambia zisubiri?" babu akamjibu. "Kwa Kihaya hicho kitu kinaitwaje?"

"Obwato, tata," baba mkubwa akamjibu baba yake.

"Na mtumbwi wa kuvulia samaki unaitwaje?"

Baba mkubwa akatazama maji. "Obwato."

"Sasa mnaniuliza nini? Tieni majini!"

Akatafutwa mtu mwepesi wa kukaa ndani na mti wa kusukumia. Nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi, uzito wangu ulijulikana kijiji kizima. Nikavuka mpaka ng'ambo na kamba ya migomba kiunoni, nikaingia. Wakaifunga kamba mbele, ng'ambo wakasukuma, kwetu wakavuta, na kwa muda mfupi mimi nikawa nahodha. Nikapunga mkono.

Kamba ikakatika.

Mtumbwi wa kweli una mbele na nyuma. Ule wa pombe hauna habari hizo. Ulizunguka mara mbili, ukanionyesha kila mtu wa ukoo wetu akiwa amefungua mdomo, halafu ukachagua njia ya ziwani. Nilisikia babu akipiga kelele, nikajua anaita jina langu. Baadaye waliniambia alikuwa anasema, "Shikilieni obwato!"

Wanawake waliokuwa wanafua wakaninyanyukia na mapovu mkononi. "Yesu na Maria! Unaenda wapi?"

"Kisiwani Bumbire!" nikawajibu. Ningewaambia nini?

Wafyatua matofali wakaniuliza kama nimebeba rubisi. Nikasema bado. "Basi pita," wakasema, wakarudi kwenye udongo wao.

Ndipo nilipogeuka nikaona mtu anakimbia ukingoni, khanga imekunjwa mapajani, anang'aa mafuta mwili mzima kama samaki aliyetoka kukaangwa. Shangazi! Mugole ambaye hakutakiwa kuonwa hata na mbuzi, anakimbia mchana kweupe, anaruka mihogo ya watu. Hakuwa anacheka. Alikuwa analia huku anakimbia, na mimi utani ukaniishia mdomoni. Niliuchomeka mti kwenye tope nikaning'inia, mti ukabaki, mimi na gogo tukaendelea.

Kule chini Walutheri walikuwa wameweka mafunjo ya kuzuia takataka zetu. Gogo likapiga pale, likasimama. Bibi mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akaja taratibu, akalizunguka, akaligonga kwa fimbo kama anayenunua ng'ombe.

"Shikamoo bibi," nikasema nikiwa bado ndani.

"Marahaba. Toka kwenye obwato wangu."

Shangazi akafika, hana pumzi. Akapiga magoti kwenye tope.

"Huyu nani tena?"

"Ndiye mugole wetu," nikasema.

"Mugole! Mbona anakimbia kama ndama aliyeumwa na nyuki?" Bibi akamtazama sana, mafuta, machozi, tope. Sauti ikapungua. "Mwanangu, sheria unaijua. Leo mfereji umeniletea vitu viwili, obwato na bibi harusi. Siwezi kurudisha vyote, watu watanicheka. Nirudishe kipi?"

Nilidhani shangazi ataanza kubembeleza. Akajifuta uso kwa khanga.

"Baki na obwato, waitu, bibi yangu. Mimi unirudishe. Ila kesho utuazime, tukanyagie ndizi hapa hapa kwako."

Bibi akacheka mpaka dagaa zikadonolewa na kuku.

Kesho yake ukoo wetu wote ulishuka na ndizi kichwani, Wakatoliki kwa mstari kama tunaenda kuhiji. Walutheri wa pale walikuwa wametangaza kwamba wao pombe hawaigusi. Kweli, kwa mikono hawakuigusa. Walikanyaga kwa miguu, na walikanyaga kuliko sisi, wakiimba nyimbo zao za kanisani, babu naye akaitikia sauti ya nne bila kujua maneno. Bibi akamwaga mtama uliokaangwa na kusagwa, akafunika kwa majani ya mgomba, akamwambia babu asiguse mpaka yeye aseme. Babu, ambaye hakuwahi kuamriwa na mtu chini ya padri, akasema ndiyo.

Jumamosi wakwe wakaja. Msemaji wao alikuwa mzee mwembamba, uso umekunjamana, amekuja na sababu zake za kukataa mfukoni. Wakampa kibuyu na mrija. Akavuta. Najua nyuma ya mlango wa chumba chake shangazi alikuwa ameacha kupumua, kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na mlango na sikusikia kitu.

Mzee akavuta tena. Akafumba macho.

"Hii mmeipikia wapi?"

"Chini, karibu na ziwa," babu akasema polepole.

"Na iko nyingi?"

"Ipo mpaka Jumatatu."

Mzee akakipakata kibuyu kama mjukuu. "Basi sikilizeni, waitu. Hata mugole akitukataa leo, sisi hapa hatuondoki."

"Nani amekataa?" ikatoka sauti chumbani, kubwa, kabla mashangazi wengine hawajamziba mdomo.