Mkeka wa Mbele

Sellah Nasimiyu hakuwahi kuuza wala kununua kitu kwa bei ya kwanza. Kuku wa Kamukuywa aliwabeba kichwani ndani ya tenga mpaka Kitale, akawauzia wapishi wa wazungu kwenye milango ya jikoni. Mpishi aliyetaka kumpunja aliachwa aongee mpaka achoke. Hivyo ndivyo alivyolea watoto wake baada ya mumewe kufa, na hakuna aliyemwona akilia sokoni.

Katika mvua za mwaka 1937, alimkuta Lenah, mke wa mwanawe, akifunga nguo kwenye shuka.

"Mayi, narudi kwetu Malakisi. Naenda na mtoto."

Sellah hakuuliza sababu. Walubengo, mhubiri wa kanisa lao dogo la udongo, alikuwa amepiga marufuku mtoto asiyejua kusoma kuingia ibadani. Wadogo walikaa nje kwenye ua, mvua inyeshe isinyeshe, wakichungwa na wasichana wakubwa. Mvua za mwaka uliotangulia zilimkuta hapo Mukhisa, mtoto wa kwanza wa Lenah, zikamlowesha mahubiri mazima. Kikohozi kikaingia kifuani. Walipomfikisha hospitali ya Lugulu walikuwa wamechelewa.

Sasa alikuwapo Eliakim, ndiyo kwanza anajua kukaa.

"Si ubaki naye nyumbani Jumapili?" Sellah alisema.

"Nikibaki watasema nimerudia pombe na matambiko. Nikienda, mtoto anakaa pale pale alipokaa ndugu yake. Huyu sitamtoa, Mayi."

Mwana wa Sellah alikuwa kibarua kwenye shamba la mahindi huko Kitale. Asingeweza kumzuia mtu. Sellah alimwangalia mjukuu wake akitafuna pindo la shuka. "Fungua hizo nguo, ungoje mpaka Jumapili," alisema, akatoka.

Walubengo alikuwa anapiga pasi koti lake. Zamani alikuwa mpishi Kitale, na Sellah alimjua tangu siku za mlango wa jikoni.

"Kama ni mambo ya watoto, Mayi Sellah, imekwisha."

"Na wewe ulivyokuwa unaniambia bei ya kuku imekwisha! Sema tu, wamekukosea nini?"

"Nimeona kanisa la wazungu kule. Watoto wamekaa kimya kama vyungu vimepangwa. Hapa kwetu mmoja analia, mwingine anakojoa, mwingine ati anataka ndizi. Mungu asikie nani?"

"Na siku hiyo wewe ulikaa wapi?"

Walubengo aligeuza koti upande wa pili. "Nje. Nilikuwa nashika farasi."

"Mahubiri uliyasikia?"

"Kwa dirisha."

"Vizuri?"

Pasi ilisimama. Sellah aliona neno limeingia.

Walipatana wajaribu Jumapili moja tu. Watoto watakaa mbele kwenye mkeka, mama zao nyuma kwenye mabenchi, na asiinuke mama wala bibi kabla ya sala ya mwisho. Akiinuka mtu kwa ajili ya mtoto, wadogo wote watarudi uani mpaka wajue kusoma, na Sellah mwenyewe atawatangazia mama zao. Wasipoinuka, mkeka ni wa watoto. Sellah alitaka wale wachanga washikwe na mama zao; Walubengo alikataa kabisa. Sellah akapima, akaona leo hapati zaidi, akakubali.

Jumapili ilikuja na manyunyu. Mama walikuwa wamewatisha watoto tangu jana yake, kila mmoja kwa namna yake. Walikaa kwenye mkeka, magoti pamoja, Eliakim katikati. Wimbo ukaisha, somo likaisha. Walubengo akafumba macho kuomba.

Eliakim akalia.

Kwanza kidogo, halafu kwa nguvu. Kwenye benchi, Lenah alishika magoti yake kwa mikono miwili. Walubengo alipaza sauti, na mtoto akapaza yake.

"Huyo analilia jina," alisema mzee Wekoye, kaka wa marehemu mume wa Sellah, ambaye hakuwa akisikia vizuri na hivyo alinong'ona kwa kelele. Kwao mtoto akilia bila sababu, basi kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa ndani yake. Hutajiwa majina mpaka anyamaze. "Ni Makokha wewe? Nyamaza, Makokha."

Mtoto akazidi.

"Makokha hamtaki, bana. Jaribu Khaemba!" alisema mwanamke mmoja nyuma, na wengine wakacheka ndani ya vitambaa vyao.

Walubengo alifumbua macho. "Wekoye! Majina ya wafu ndani ya nyumba ya Mungu?"

"Basi mpe la kwako, Mwalimu, tuone kama atanyamaza."

Sellah hakucheka. Alikuwa amesikia watoto wengi wakililia majina. Wale hulia, wakapumzika, wakaanza tena. Kilio hiki hakikupumzika, kilirukaruka. Ndipo akamtazama Chepchumba, binti wa jirani yao kutoka mlimani, aliyekaa kando ya Eliakim. Midomo ameibana, machozi yanatiririka mpaka kidevuni, na mkono wake unakuna paja polepole asionekane. Na yule wa pembeni yake vilevile. Mkeka mzima ulikuwa unalia bila sauti.

Sellah akaanza kuinuka. Lenah alimshika gauni.

"Mayi, ukisimama tumeshindwa!"

"Tumeshindwa," Sellah alisema, akasimama.

Alimnyanyua Eliakim kwa mkono mmoja. Mguu wake ulikuwa mweusi kwa siafu. Mvua ilikuwa imewafukuza ardhini, wakapitia chini ya ukuta na kujaa chini ya mkeka.

"Siafu! Toeni watoto!"

Mabenchi yakaanguka. Mzee Wekoye alisahau majina yote. Walubengo alipanda juu ya meza, akashuka kwa kasi kuliko alivyopanda, akajipigapiga suruali mpaka mlangoni.

Wote walijikuta uani, kwenye manyunyu, wakibandua siafu kwenye miguu ya watoto. Hakuna aliyeondoka. Lenah alikuwa amemkumbatia Eliakim, naye amenyamaza bila kupewa jina la mtu.

"Mayi Sellah," Walubengo alisema, suruali imekunjwa mpaka magotini. "Ulisimama."

"Nilisimama."

"Tulipatana."

"Sikatai. Watoto watakaa hapa. Basi na wewe malizia mahubiri hapa hapa, Mwalimu. Yote. Usipunguze hata neno."

Walubengo alifungua Biblia. Matone yakapiga ukurasa. Akaifunika kwa koti. Maji yalimshuka shingoni.

"Hapo ulipokanyaga," Lenah alisema, "ndipo Mukhisa wangu alikaa."

Walubengo alisogeza miguu. Alitazama mapaja ya Chepchumba, yamevimba. "Walikuwa wanaumwa," alisema, "na hawakusema."

"Si ulitaka vyungu," Sellah alijibu.

Walubengo alifunga Biblia. "Waingie," alisema.

Mwingine angeshukuru. Sellah alijua saa ya mnunuzi kulegea.

"Na wachanga wakae na mama zao."

"Nimesema waingie, Mayi!"

"Nimesikia. Na wachanga wakae na mama zao. Mkeka uwe wa wanaojua kusema wakiumwa. Mimi kila Jumamosi nitaleta majivu, nizungushe ukuta wote, siafu wasipite."

"Na wakilia?"

"Paza sauti. Unayo. Nilikuwa naisikia mpaka barabarani ukikataa kuku wangu."

Watu walicheka, na Walubengo akajikuta anacheka nao. Jioni hiyo Lenah alifungua nguo zake.

Sellah alileta majivu kila Jumamosi, miaka na miaka. Hata kanisa lilipopata mabati na sakafu ya sementi, na Eliakim mwenyewe anafundisha watoto nyimbo, bado alifika na kikapu chake, mgongo umepinda.

"Kukhu, siafu hawapenyi sementi," Eliakim alimwambia bibi yake.

"Mimi sikupatana na sementi," alisema, akaanza upande wa mkeka.