Besi ya Fundi Simu

Yule fundi simu wa karibu na soko la Morogoro hufanya kazi akiimba nyimbo za kanisani, tena huimba besi peke yake, ndiyo maana wateja hawajui ni wimbo gani. Alianza na redio za mbao, zikaja deki za kaseti, zikaja simu zisizo na hata kitufe. Kila kipya kikija hukigeuzageuza, hucheka, husema, "Karibu, Mungu alikujua kabla yangu," na besi huendelea ileile.

Leo mteja ni Rahel, roho juu. Simu yake ilitumbukia mtoni Mlali, na ndani yake kuna ujumbe wa mwisho wa sauti ya marehemu mama yake.

"Baba, itapona?"

Besi ikanguruma, ikapumzika, ikanguruma tena. Rahel akaukamata wimbo. Bila kujua, akaanza kuimba sauti ya kwanza. Walikuwa kwenye kiitikio kioo kilipowaka. Rahel akabonyeza ule ujumbe palepale.

"Rahel, we mtoto, ndizi zimeiva, njoo kabla ngedere hawajazimaliza!" Mama akacheka humohumo.

Fundi alinyamaza mpaka kicheko kikaisha. Kisha akavuta simu nyingine.

"Ubeti wa pili," akasema. "Usiniache peke yangu."