Okei zangu tatu mbele ya Bibi

Hili sijamwambia mtu: nimemaliza kidato cha nne, lakini Kiingereza changu cha kuongea ni "okei" tu.

Leo mchana dada mmoja wa Kizungu amesimamisha baiskeli kwetu Sindeni, akanyoosha chupa tupu kuomba maji.
Bibi, aliyenisomesha kwa jembe lake, akaita majirani. "Njooni mumsikie mjukuu wangu!"
Akamgeukia mgeni. "Sema naye Kiingereza!"

Dada akaongea. Nikasema "okei?" kama ninayeuliza.
Akaongea tena, kwa kirefu. Nikavuta "okeeei" ya kumpa pole.
Akauliza kitu. Nikakaza: "Okei!"

Majirani wakapiga makofi. "Huyu kasoma, jamani!"

Dada akashusha mizigo, akaanza kusimika hema katikati ya uwanja wetu.

"Amesemaje?" Bibi akaniuliza.
Nikatamani ardhi inimeze.

Dada akainuka. "Shikamoo Bibi. Mjukuu wako ameniruhusu nilale hapa siku tatu. Asanteni sana."
Kiswahili safi kabisa!

Bibi akanitazama. Akatazama majirani. Kisha, kwa madaha: "Okei!"

Sasa Bibi anawasimulia majirani nilivyoelewana na mgeni kwa Kiingereza.

Chekeni hukuhuku kwenye maoni. Bibi hana simu janja, kwa hiyo mkipita Sindeni, nawaomba, msimwambie.