Yarudi, Siyo Yarudishe

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kusubu chuma pale Mbinga nilifanya kazi kwa bidii sana, na yote ilikuwa ya bure. Fundi Mkuu, mzee wa Tanga mwenye Kiswahili cha kwao, alinionyesha lundo la mavyuma yaliyojaa mchanga, akasema, "Yarudi hayo," akaenda zake. Mimi Mmatengo, Kiswahili nilikikuta shuleni. Nikaelewa kwamba mavyuma yarudi yalikotoka. Nikayabeba yote hadi nje getini, mgongo ukawaka moto.

"Binti, unahama?" aliuliza alipokuja.

"Si umesema yarudi, Mzee?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nimesema yarudi, siyo yarudishe! Mtoto akikosea si unamrudi? Basi na chuma kitie adabu!"

Niwaeleze ninyi mnaoanza kazi leo. Tukimimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu, lile umbo la mchanga, kingine hugandia mferejini, na vifaa vingine hutoka na nyufa. Hayo ndiyo marudio. Hayatupwi, huingia tena tanuruni. Lakini kwanza uyagonge kwa nyundo mchanga utoke, maana mchanga huzidisha mavi ya chuma, ule uchafu unaoelea juu. Kisha uyaanike. Kipande kilicholowa kikizama kwenye chuma cha moto, maji hugeuka mvuke ghafla na tanuru hutapika. Wala usiyeyushe marudio matupu, kifaa kitakatika kama biskuti. Changanya na chuma kipya.

Baadaye nilipelekwa Mbamba Bay kukusanya vyuma chakavu vya mashine na boti. Huko nilimpata Anton, Mnyasa mpole mwenye mabega ya kuvuta nyavu, akilea watoto wake pamoja na mama yake mzee. Nilipofanywa msimamizi wa tanuru nikapanda naye Mbinga awe kibarua wangu.

Msimu mmoja wa mvua Anton alitupia tanuruni marudio yaliyonyeshewa. Tanuru likatapika. Yeye hakuguswa, kwa sababu Fundi Mkuu alimsukuma kando. Fundi mwenyewe akaungua mkono wa kulia.

Meneja, mtu wa hukuhuku kwetu, alikwenda hospitali kumwuliza Fundi kuhusu Anton. Kesho yake nikasikia Anton kapandishwa gari la Mbamba Bay, kazi hana.

"Fundi mwenyewe amesema arudishwe," Meneja aliniambia.

"Alisema arudishwe, au arudiwe?"

Akafikiri. "Arudiwe. Kwani kuna tofauti?"

Nilipandwa na hasira, na papo hapo kicheko kikinibana. "Ipo, Meneja! Uliza mgongo wangu."

Nilipomweleza, akaniruhusu nimfuate Anton. Nikateremka ziwani. Anton nilimkuta ufukweni akianika usipa wa mama yake, vile vidagaa vya ziwani, amekonda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja kukurudi."

"Nirudi wapi tena, mama? Kwetu si ndiyo hapa?"

Nikakaa mchangani nikamweleza neno hilo tangu mwanzo. Hakucheka. Aliinamia usipa wake akalia, kisha akauliza, "Mkono wake je?"

"Utapona. Ila hautafumba kama zamani."

Msimu wote ule Anton aligonga na kuanika marudio, tanuru hakulisogelea. Fundi alikaa pembeni na bandeji yake, akikataa kipande hiki na kile. Nilimwonea huruma Anton, lakini sikumtetea. Siku Fundi alipostaafu alimkabidhi nyundo yake, kwa mkono wa kushoto.

Mimi nami nimestaafu, nalima mahindi Kitai. Wajukuu huniuliza kama chuma kilichorudiwa ni sawa na kipya. Nawaambia waende kwenye mashine ya kusaga tuliyoisubia vyuma, wanionyeshe kipi ni kipi. Kazi ile niliipenda, ingawa mgongo hausahau.

Juzi nilipita karakana. Anton ndiye Fundi Mkuu sasa, na Kiswahili cha yule mzee kimemkaa mdomoni. Dada mmoja mgeni kazini alikuwa anahangaika na marudio kuelekea getini, jasho linamtoka. Nikafungua mdomo nimwambie. Anton akaniwahi. Alimfuata, akampokea mzigo, akampa nyundo ileile.

"Pole, dada," alisema. "Wewe umefika getini tu. Mimi walinifikisha Mbamba Bay."